Kuni za Sufuria Moja

Mwezi uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili alinisaidia kubeba ndoo ya maji hadi nyumbani. Alikuwa amevaa sweta ya kijani ya shule ya masista, ile iliyo kando ya mto, chini kidogo ya Garsen. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa mpishi pale hadi nilipostaafu. Akafurahi. Akaniuliza, "Bibi, wewe ulipika jiko lipi? Letu au lao?"

Sikumjibu. Nilimwambia asante mjukuu wangu, weka ndoo hapo, nenda usichelewe. Tangu utoto wangu maneno hunijia mtu akishaondoka. Alipofika mbali ndipo nikajua nilichotaka kumwambia, na ni kirefu, na mtu hawezi kukipigia kelele barabarani.

Kwa hiyo naandika. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, nimeandika kidogo kidogo nikitoka shambani. Ninyi mnaosoma pale sasa, mnaopanga foleni mbili kwenye madirisha mawili, nimewaandikia ninyi. Na kama kuna kati yenu atakayeshika mwiko siku moja, atapata mawili matatu ya kazi humu ndani.

Nilipoajiriwa, shule ilikuwa madarasa mawili na bweni la makuti. Jiko lilikuwa mawe matatu chini ya bati. Aliyeianzisha shule alikuwa Sista Benedikta, mwanamke mrefu kutoka ng'ambo, aliyejifunza Kiswahili kwenye vitabu na kukisema kama anasoma. Siku ya kwanza nilisimama mbele yake nimeuma ncha ya leso. Aliniuliza kama najua kupika. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza nimewahi kupikia watu wangapi kwa mara moja. Nikanyamaza, maana kwetu tulikuwa saba, na mama ndiye aliyepika.

"Mimi ninawajua wasichana wengi lakini sijui kupika," akasema. "Wewe unajua kupika lakini hujui wasichana wengi. Tutasaidiana."

Ugali wangu wa kwanza pale shuleni ulikuwa na madonge kama mayai ya bata. Wasichana waliyapasua wakikuta unga mkavu ndani, wakacheka hadi nikajificha ghalani. Nilikuwa nimemwaga unga wote pamoja maji yakiwa bado yanasinzia. Sikieni: ugali wa watu wengi unataka maji yanayoruka, unga kidogo juu kwanza ili yashike, kisha unasubiri, kisha unaongeza. Na mikono peke yake haiwezi, ni lazima utumie kiuno. Mwiko wangu ulikuwa kafi kuukuu ya mtumbwi aliyoikata fundi mmoja wa Ngao. Nilisonga nao kama mtu anayevuka mto, na kwa sababu mimi ni Mpokomo, kuvuka mto nakujua.

Sasa niwaambie kuhusu samaki, maana kila kitu kilianzia hapo.

Sista Benedikta alitaka wasichana wa Kiorma pia. Alitembea hadi kwenye maboma ya wafugaji huko uwandani, akakaa na wazee, akanywa maziwa, akaomba mabinti. Wazee walimuuliza jambo moja: watakula nyama iliyochinjwa na nani? Akawaahidi kwamba hawatakula nyama yoyote isiyochinjwa na Mwislamu. Wakampa wasichana wachache, zaidi kwa kumwonea huruma kwa jua lile kuliko kwa kumwamini.

Njiani akirudi alifikiri, akapata jibu. Aliingia jikoni anang'aa. "Samaki," akasema. "Samaki hachinjwi na mtu yeyote. Mwislamu atamla, Mkristo atamla. Shida yetu imekwisha."

Nikaona ni akili kubwa. Mvuvi alituletea kambare wanene, nikawapika kwa nazi, na sisi wa mtoni tulilamba vidole. Wale wasichana wa Kiorma walitazama vile vichwa vyenye sharubu ndani ya mchuzi. Mmoja aliniuliza kwa adabu, "Mama, huyu ni nyoka?" Walikula ugali mkavu na chai. Siku ya pili vivyo hivyo. Hawakulalamika, kwao mtoto halalamiki mbele ya mgeni. Sisi tulidhani watazoea. Kabla ya Jumapili mmoja wao alianguka mstarini asubuhi wimbo ukiimbwa.

Sista alikuja jikoni akaketi juu ya gunia. "Nimewashindisha njaa watoto wa watu," akasema, "kwa akili yangu mwenyewe."

Wakati huo kulikuwa na mfugaji aliyekuwa akipita kutuuzia mbuzi, jina lake Barisa. Mtu mwembamba, mwenye fimbo shingoni na mikono imening'inia juu yake. Aliposikia habari ya samaki alicheka hadi akashika nguzo ya jiko.

"Sista, samaki ya watu wa mto," akasema. "Mtoto yangu akikula hiyo, ng'ombe inasikia harufu, inamkimbia."

Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumjibu mwanamume asiye wa kwetu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Na maziwa yenu yananuka moshi."

"Moshi ni dawa," akasema Barisa. "Samaki ni dawa ya nini?"

Sista akamwomba awe anakuja kila Jumamosi kutuchinjia. Barisa akakubali, kisha akanyoosha fimbo kuelekea sufuria yetu. "Lakini hii, zamani imepika nini?"

Ilikuwa imetoka misheni. Sista hakuweza kudanganya. Ilishapika nguruwe sikukuu moja.

Masista wenzake wakasema basi inunuliwe sufuria ya pili ya wasichana Waislamu, jambo rahisi. Sista Benedikta akatikisa kichwa. "Sina kuni za sufuria mbili," akasema.

Nilitazama nje. Mathenge ilikuwa imejaa hadi mlangoni, unakata leo kesho imeota, hakuna mtu wa Garsen aliyewahi kukosa kuni tangu mti ule uletwe. Barisa naye alitazama nje. Tulitazamana.

Sufuria ile kuukuu ikarudi misheni. Mpya ikaja kutoka Malindi juu ya lori, imefungwa shuka jeupe isikwaruzwe, kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kuogea ndani. Wasichana waliikimbilia langoni wakapiga vigelegele, wakaiita Bibi Harusi. Jina hilo lilikaa hata ilipokuwa nyeusi ti na matako yamebonyea.

Tangu hapo nyama ilikuwa Jumamosi. Barisa alikuja na mbuzi wake asubuhi, akamlaza akimwelekeza kibla, mimi nimesimama na beseni. Nilisikia bismillahi yake miaka mingi hata nikawa naona Jumamosi haijaanza bila hiyo. Alinifundisha nyama kuliko mtu yeyote. Alisema nyama ya mbuzi usiipe maji haraka, iache ilie kwanza kwa machozi yake, ikimaliza kulia ndipo uipe maji. Alisema usikatekate mafuta ukayatupa kama watu wa mjini, yatangulize chini ya sufuria, yatafanya kazi ya mafuta ya dukani. Nami nilimfundisha kula mchicha, ambao aliuita chakula cha mbuzi hadi siku alipoomba uongezwe.

Mwaka mmoja mto ulifurika siku ya sherehe ya shule. Barisa alichelewa ng'ambo ya maji. Alikuwapo sista kijana, mgeni kabisa, aliyeona wageni wanangoja, akamwambia bawabu, ambaye si Mwislamu, achinje. Hakuwa na nia mbaya, aliona mbuzi wa sherehe amefungwa, na kisu kipo. Nyama ikaingia ndani ya Bibi Harusi, ikanukia, ikapakuliwa. Wasichana Waislamu wakaweka vijiko chini. Kisha, na hili nililiona kwa macho yangu kwenye dirisha la jiko, wasichana wa Kipokomo na wa Kigiriama waliokaa kati yao wakaweka vijiko chini vilevile. Yule sista akamuuliza mmoja wa kwetu, mtoto wa mchungaji wa kanisa, kwa nini yeye hali.

"Tunamngoja Mzee Barisa," akasema.

Walikula ugali na mboga, wageni wakala peke yao. Jioni Barisa alifika suruali imelowa hadi mapajani. Nilikuwa nimeisugua sufuria kwa majivu na mchanga hadi kucha zikaisha. Akainama, akachungulia ndani, akanusa, akaimwagia maji ya moto yeye mwenyewe mara nyingi. "Bibi Harusi ameoga," akasema. "Tusimwambie bwana yake."

Binti yake wa mwisho, Habiba, alipofika umri, alimleta mwenyewe. Habiba hakuwa kama mimi. Aliongea tangu kengele ya asubuhi hadi taa ilipozimwa. Alimcheka baba yake mbele ya wote kwa Kiswahili chake. "Aba, si 'mbuzi yangu', ni 'mbuzi wangu'." Barisa akamjibu, "Mbuzi hana habari, wewe ndiyo ina habari." Jumamosi alikuja jikoni kunisaidia kumenya vitunguu ili amwone baba yake. Alitaka kuwa muuguzi, aende hospitali ya Ngao awatibu Wapokomo. Alisema hivyo kunichokoza, awachome sindano wote.

Alipokuwa kidato cha nne ulikuja ukame. Ninyi mlikuwa wadogo au hamjazaliwa. Nyasi ziliisha uwandani, ng'ombe wakashuka mtoni, na njia zao za kufikia maji, zile tunazoziita malka, wengine wa kwetu walikuwa wamezilima. Ng'ombe wakala mahindi. Mtu akamkata ng'ombe. Kisha mtu akamkata mtu. Sitawasimulia yote, mengine hayastahili karatasi. Vijiji viliungua, vya kwetu na vya kwao. Wazazi wakaja kuchukua mabinti zao. Baba wa Kipokomo na baba wa Kiorma walipishana langoni bila kusalimiana, watu waliokuwa wameketi benchi moja siku za wazazi.

Walibaki wa kidato cha nne, kwa ajili ya mtihani. Sista Benedikta alikuwa mzee sasa, ameshaachia wengine uongozi wa shule, kazi yake ilikuwa bustani na magoti yaliyomuuma. Lakini alisimama langoni akawaomba wazazi mmoja mmoja. Wengine wakakubali kwa sharti kwamba mambo ya shule yasibadilike hata kidogo. Aliniambia jikoni, "Jumamosi moja tu ikipita bila nyama, watasema sufuria imekwisha kugawanyika, na watawachukua." Nami nikajiuliza Barisa atapitia wapi, maana kati ya boma lake na shule kulikuwa na mashamba ya watu wetu.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Hakupitia njia kuu, alitokea nyuma ya ua penye mathenge, miguu imechanwa na miiba, mbuzi amemfunga mdomo kwa kitambaa asilie.

"Mzee Barisa, una wazimu," nikamwambia.

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Basi."

Alimchinja. Nilimsikia akisema bismillahi, sauti ya chini kuliko siku zote. Alimwona Habiba, wakaongea kidogo kwa lugha yao pale kwenye vitunguu, na kwa mara ya kwanza Habiba ndiye aliyekuwa anasikiliza. Nilimpa chai. Nikamwambia alale ghalani, kuna magunia, hakuna atakayejua. Sista naye alimwambia. Akasema ng'ombe wake amemwachia mtoto. Akachukua fimbo yake akaiweka shingoni, kisha akafikiri, akaishusha akaishika mkononi ili asionekane kwa mbali kuwa ni mfugaji. Ndivyo nilivyomwona mwisho, anatembea kama mtu mwingine.

Nyama ilikuwa haijaiva wakati bawabu alipokuja mbio. Walikuwa wamemkuta karibu na malka, amekatwa.

Mniulize nani. Habiba hakuniuliza, lakini ninyi mtauliza. Watu wetu walisema si sisi. Labda si sisi. Nimeishi na watu wetu maisha yangu yote, nimewapikia kwenye harusi na matanga, na sijui.

Sista Benedikta alishika ukingo wa meza. Wasichana walikuwa wanapanga mstari nje, tunasikia sahani. Aliniuliza kwa sauti ndogo, tuwaambie sasa au wakishakula. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Mimi sipendi kuulizwa mambo makubwa. Nikatazama ndani ya sufuria, nyama inachemka, mafuta yake yametangulia chini kama alivyonifundisha.

"Sista," nikasema, "yule ni mtoto wake, na hii ni nyama yake."

Akaenda akamleta Habiba, akamwambia pale pale mbele ya moto, kwa Kiswahili chake cha vitabu ambacho safari hii hakikumsaidia, alikuwa anarudia neno moja tu, baba, baba. Habiba hakulia. Alitazama ndani ya sufuria. Kisha akanigeukia.

"Mama Jikoni, alipiga bismillahi?"

"Alipiga. Nimesikia mwenyewe."

"Basi tupakue."

Nilimwambia aketi. Hakuketi. Akachukua upawa, akasimama dirishani pangu, akawapakulia wenzake wote, mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa mbele hawakujua. Walimtania, Habiba leo mpishi, niongezee mfupa. Akawaongezea. Habari iliingia mstarini kutoka nyuma, nikaiona inavyokuja, msichana baada ya msichana ananyamaza, hadi aliyefika dirishani, binti wa Kipokomo aliyelala kitanda cha juu yake, akanyoosha sahani. Habiba akampakulia kama wengine. Akamwambia, "Kula. Ni ya mwisho."

Wote walikula. Hakuna aliyeacha kipande. Yeye mwenyewe alikwangua chini ya sufuria, akaketi juu ya gunia alipoketi Sista wakati ule wa samaki, akala alichokwangua.

Kesho yake wajomba zake walikuja na askari wakamchukua. Hakufanya mtihani mwaka ule. Nilisikia baadaye kwamba aliolewa Hola, na sindano hakuwahi kuzishika. Alipita hapa mara moja, amembeba mtoto mgongoni. Tuliongea habari za mvua na bei ya mahindi. Alipoondoka ndipo maneno yakanijia.

Shule ilipofunguliwa tena, wazazi wa pande zote walikuja na sharti moja, na hilo peke yake ndilo walilokubaliana. Majiko mawili. Wapishi wawili, sufuria mbili, na ukuta wa mabati katikati. Uongozi ukakubali, na siwalaumu, walitaka watoto warudi. Kuhusu Bibi Harusi, wafugaji walisema imeshikwa na mpishi wa Kipokomo, hawaitaki. Wakulima walisema ni sufuria ya damu, hawaitaki. Ikakaa nje ya ghala ikikusanya maji ya mvua. Nilipostaafu niliulizwa nataka zawadi gani, nikasema ile. Iko nyuma ya nyumba yangu. Siitumii, hakuna nyumba yenye watu wa kuijaza. Huisugua tu kwa majivu isishike kutu, ingawa najua ile si chuma, haishiki kutu.

Basi, mjukuu wangu wa ndoo ya maji, umeuliza nilipika jiko lipi. Baada ya ukuta nilipika hilo mnaloliita la wakulima. Kabla ya hapo nilipika jiko ambalo wewe hukulikuta.

Siku majiko mawili yalipowashwa mara ya kwanza, Sista Benedikta aliomba aletewe kiti uwanjani. Masista wa nchi yake walikuwa wameshamwandikia arudi akapumzike, na safari ilikuwa karibu. Nilitoka kumpelekea chai. Alikuwa anatazama juu ya mabati. Moshi mmoja ulipanda upande huu, mwingine upande ule, hakukuwa na upepo, yote miwili ilipanda wima.

"Kumbe kuni zilikuwepo," akasema.

Nilisimama karibu na kiti chake nimeshika kikombe, hadi chai ikapoa.